Jibu: Kwa nini matokeo ya 60B, Minnesota, hayapatani kabla na baada ya 2012

Salamu, ndugu. Umekwama kwa sababu majedwali yanamwonyesha Frank Hornstein akishinda 60B, eneo la uchaguzi la Baraza la Wawakilishi la jimbo la Minnesota, hadi 2010, kisha ghafla anatokea mbunge mwingine, Phyllis Kahn, nawe hukuti popote alipomshinda. Hawakupambana. Kwanza kagua ramani: mipaka ilichorwa upya kufuatia sensa ya 2010, na namba zikahamishwa pamoja nayo. Hornstein, wa kusini-magharibi mwa Minneapolis, aliingia 61A. Kahn, aliyekuwa 59B, akaingia 60B pamoja na mtaa wa Cedar-Riverside na eneo la Chuo Kikuu cha Minnesota. Kwa hiyo mimi hufuata mtaa na mbunge, wala sifuati namba, kwa kuwa namba haina historia yake yenyewe.

Pili, usiishie kwenye matokeo ya Novemba. Hapo chama cha DFL, yaani Democratic wa Minnesota, hushinda kwa urahisi mno, na ushindani wa kweli huwa kwenye mchujo wa Agosti, kura ya kumteua mgombea wa chama. Kahn, aliyechaguliwa mara ya kwanza 1972, alimshinda Mohamud Noor katika mchujo wa 2014. Mwaka 2016 Ilhan Omar akawashinda wote wawili kwa takriban asilimia 41, kila mmoja wao akibaki chini kidogo ya asilimia 30. Ukisoma Novemba peke yake, mabadiliko haya makubwa, ambayo kwangu ndiyo kiini cha historia ya eneo hili, hutayaona kabisa. Noor alikichukua kiti 2018, Omar alipogombea Bunge la Marekani.