Pedersen alibadilisha nini kwenye kemia?
Umeuliza Charles Pedersen, mwanakemia ambaye hakuwa na shahada ya uzamivu, alibadilisha nini hasa kwenye kemia. Alibadilisha mengi. Mwaka 1967 alichapisha habari za etha (molekuli ambamo atomi za oksijeni huunganisha kaboni) zenye umbo la pete, akaziita taji kwa kuwa huikalia ayoni (atomi yenye chaji ya umeme) kama taji kichwani. Moja kati yake ina tundu linaloitosha potasiamu barabara, ilhali sodiamu hupwaya humo. Yaani molekuli inachagua mgeni wake bila hata kufunga naye bondi ya kovalenti, yaani ya kushirikiana elektroni! Na ile ya kwanza aliipata kama uchafu kidogo tu katika jaribio lililolenga kitu kingine, wengi wangeumwaga. Wanakemia Jean-Marie Lehn na Donald Cram walijenga juu ya hapo, na mwaka 1987 wote watatu wakapewa Tuzo ya Nobel.