Miezi Saba Mtandaoni, na Hakuna Aliyebisha Geti

Tangazo letu la kwanza lilikuwa na maneno ishirini, ukihesabu na tarakimu. Bado ninalo kwenye simu: "NYUMBA INAUZWA KIAMUNYI. Vyumba vitatu, ploti 50 kwa 100, karibu na lami, maji na stima vipo. Bei inajadiliwa. Njoo inboksi." Chini yake, picha sita. Tuliliweka mwezi wa pili, mimi na baba watoto, tukakaa kungoja simu zilie. Nilikuwa nimepata uhamisho wa kwenda kufundisha Kitale, na hatukutaka kuiacha nyumba mikononi mwa wapangaji.

Kufikia mwezi wa tisa tulikuwa tumepokea "Bado iko?" zisizo na idadi, madalali kumi na mmoja, na bwana mmoja aliyetaka tubadilishane nyumba na matatu yake pamoja na kipande cha shamba huko Molo. Mnunuzi wa kuja kuona kwa macho yake, hata mmoja.

Tulilaumu uchumi. Tulilaumu bei ya mafuta. Halafu mpwa wangu, kijana anayepiga picha za harusi hapa Nakuru, akaja siku moja kula chakula cha mchana na akaomba kuona hilo tangazo. Akaitazama picha ya tatu kimya, akaikuza kwa vidole viwili, kisha akaniuliza, "Shangazi, mnauza nyumba ama githeri?"

Alikuwa na haki. Ile ilikuwa picha ya jikoni, lakini sufuria ya githeri ndiyo iliyokaa katikati kama bibi harusi, na kabati zetu za saiprasi zilizotugharimu mshahara mzima zimefichwa na ndoo. Picha ya bafuni ilinionyesha mimi mwenyewe kwenye kioo, leso kiunoni, simu imefunika uso. Na picha ya kwanza, ile ambayo mtu huiona kabla hajabonyeza lolote, ilikuwa ya geti. Geti jeusi, limefungwa. Nakuru nzima ina mageti meusi yaliyofungwa.

Mpwa wangu alikataa kupiga picha siku hiyo. Sebule yetu inatazama mashariki. Saa mbili na nusu asubuhi jua huingia hadi kwenye makochi, lakini saa nane mchana chumba hicho hicho ni pango. Mimi nilipiga zangu saa kumi na moja jioni baada ya kutoka shuleni, taa imewashwa, ndiyo maana kuta zilitoka za rangi ya chai ya maziwa. Alirudi Jumamosi, asubuhi iliyofuata mvua ya usiku, vumbi limelala na mlima Menengai unaonekana wazi kutoka barazani. Akazima taa zote, akafungua mapazia yote. Akafuta lensi ya simu kwa pindo la shati, jambo ambalo mimi sijawahi kulifanya tangu niinunue. Ndiyo, simu. Kamera yake ya harusi aliiacha nyumbani, akasema kwa kazi hii haina haja.

Katika kila chumba alisimama kwenye pembe, mgongo umegusa ukuta, simu kaishika kwa upana usawa wa kifua. Ukiinua simu juu ya kichwa, chumba huonekana kama kisima. Ukisimama mlangoni, unampa mnunuzi ukuta mmoja na nusu kitanda. Sisi wengine tulikuwa nyuma yake tukihamisha vitu: kalenda za miaka mitatu, picha ya mahafali, sare za shule zilizoanikwa dirishani, televisheni. Zile sare na televisheni tuliziondoa, lakini si kwa sababu ya urembo. Sikuwa nimefikiria kwamba nimekuwa nikiuonyesha mji mzima nina nini ndani ya nyumba na watoto wangu wanasoma wapi.

Hatukupaka rangi nyumba nzima, ingawa baba watoto alitaka. Tulipaka barazani tu na ukuta wa jikoni, tukabadilisha mfereji uliokuwa ukidondoka na kufyeka ua. Pesa zilizobaki tulizihifadhi, na sijutii.

Picha mpya zilikuwa kumi na saba. Ya kwanza ilipigwa kutoka pembe ya ploti, nyumba inaonekana pande mbili, paa zima, na mparachichi. Lakini nitakwambia zipi ziliulizwa zaidi na waliopiga simu baadaye: tangi la maji, mita ya stima, na barabara. Sebule yangu nzuri hakuna aliyeitaja.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa mnunuzi wa nyumba ni mtu wa aina gani. Nilidhani anatafuta sababu ya kuipenda nyumba. Wapi! Anatafuta sababu ya kuishuku. Huyu ameshatapeliwa, au ndugu yake ametapeliwa, au amesikia kisa cha ploti moja iliyouziwa watu wanne. Akisoma "karibu na lami" anajua hizo ni dakika za bodaboda wakati wa kiangazi. Akisoma "maji yapo" anajiuliza, yapo wapi?

Basi nikaivaa saa yangu nikaenda hadi stendi ya matatu, barabara ya Kabarak, nikatembea kurudi nyumbani kwa mwendo wa mtu aliyebeba mfuko wa sokoni. Dakika kumi na nne. Nikaandika hivyo: "Dakika 14 kwa miguu kutoka stendi. Mita 400 za mwisho ni udongo. Mwezi wa nne na wa tano gari dogo hupita kwa shida." Baba watoto alisoma akaniuliza kama nimeajiriwa na jirani anayeuza pia.

Kwenye maji nikaenda mbali zaidi. Mtu yeyote aliyekulia huku anajua swali lenyewe si kama maji yapo, ni maji gani. Visima virefu vingi vya Bonde la Ufa vina floridi kupita kiasi, na meno ya kahawia ya watu wa rika langu ndiyo ushahidi. Niliandika kwamba ya mfereji huja siku tatu kwa wiki, kwamba tuna tangi la lita 5,000 linalokinga mvua kutoka kwenye paa, na kwamba ya kunywa tunatumia hayo ya mvua.

Halafu ufa. Tuna ufa mwembamba kwenye plasta juu ya dirisha la chumba cha nyuma, umekuwepo tangu mwaka wa pili baada ya kujenga na haujaongezeka. Fundi alishatuambia ni plasta tu, ukuta wenyewe ni mzima. Lakini mtu wa Nakuru akisikia neno ufa hafikirii plasta. Anakumbuka Machi 2018, ardhi ilipopasuka na barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok ikakatika. Anakumbuka pia 2020, Ziwa Nakuru lilipofurika na watu wa Mwariki wakahama majumba yao. Nilijua akija atauona tu. Afadhali auone kwangu. Tukaupiga picha ukiwa na kalamu kando yake kuonyesha upana, nikaandika umri wake na alichosema fundi, na kwamba sisi tuko upande wa juu, mbali na ziwa.

Mimi na mume wangu hatujawahi kubishana hivi tangu tujenge. Yeye alishikilia kwamba muuzaji hatangazi kasoro, kwamba kizuri chajiuza. Nami nikamuuliza hicho kizuri kimejiuza wapi kwa miezi saba.

Ugomvi wa pili ulikuwa wa bei. Kwa baba watoto, bei husemwa uso kwa uso, watu wakiwa wamekaa na chai iko mezani. Ninamwelewa. Ndivyo tulivyolelewa. Lakini aliye mbali akiona "njoo inboksi" anadhani bei inategemea atakavyoonekana ana pesa, na mara nyingi hakosei. Tukaandika milioni 7.8, na kwamba nafasi ya kupunguziana ipo ila ni ndogo. Simu zilipungua mara moja. Waliobaki walikuwa watu wenye maswali ya maana, na hilo lilitupumzisha.

Kuhusu bei, kuna gharama ambazo muuzaji hazitaji na mnunuzi mgeni hushtukia mwishoni. Ushuru wa stempu ni wa mnunuzi: asilimia 4 kwa ardhi ya mjini, asilimia 2 kwa ya mashambani, na hukokotolewa kwa thamani atakayokadiria mthamini wa serikali. Kwa nyumba ya milioni 8 mjini, hiyo ni shilingi 320,000 ambazo mtu anafaa kuzijua kabla hajaenda benki. Muuzaji naye anaweza kudaiwa kodi ya faida, ambayo tangu Januari 2023 ilipanda kutoka asilimia 5 hadi 15. Ipige hesabu hiyo kabla hujapanga bei, kwa sababu ukiikumbuka baadaye utataka kumwongezea mnunuzi, na hapo mtakosana.

Hati miliki usiipige picha ukaiweka mtandaoni. Najua watu hufanya hivyo kuonyesha hawana cha kuficha, lakini unamwachia kila mtu jina lako, nambari ya ploti na kila kitu tapeli anachohitaji. Sisi tuliandika: "Hati miliki iko kwa majina ya mume na mke, wote wanakubali kuuza. Nambari utapewa ukija, ukafanye sachi mwenyewe." Sachi ni kwenda kuuliza ofisi ya ardhi ploti ni ya nani. Na hilo la wote kukubali si mapambo. Nyumba ya ndoa haiuzwi bila idhini ya mwenzako, ndivyo ilivyo katika sheria ya mali ya ndoa ya 2013, na mnunuzi mwenye wakili mzuri ataliuliza hilo siku ya kwanza.

Madalali. Wako wazuri, sitawasema vibaya wote, na kuna bodi ya kuwasajili. Ila wiki ya pili ya tangazo jipya, mwalimu mwenzangu alinitumia picha ya nyumba akisema imefanana sana na yetu. Ilikuwa yetu. Ukurasa mmoja nisioujua ulikuwa umechukua picha za mpwa wangu, umeihamisha nyumba hadi Milimani, mtaa wa wenye pesa, na kuipandisha hadi milioni 9.5. Mparachichi wangu, Milimani! Waliopenda walitakiwa kulipa ada ya kuonyeshwa. Tuliripoti ukurasa huo, ukafungwa, ukafunguliwa tena kwa jina lingine. Kilichosaidia ni kuandika nambari yetu juu ya kila picha, katikati kabisa na si pembeni ambako hukatwa, na kuongeza mstari mmoja kwenye tangazo: "Kuja kuona ni bure. Ukiombwa pesa, si sisi."

Na mtu akija kuona, usiwe peke yako nyumbani. Sisi tulipokea wageni Jumamosi asubuhi tu, jirani akiwa anajua.

Video ndiyo iliyoleta mambo. Dada mmoja muuguzi aliye Doha alituandikia akiuliza kama tunaweza kumtembeza. Nikataka kumwita mpwa wangu aje na muziki na ile ndege yake ndogo ya kupiga picha angani. Yule dada akakataa kwa upole. "Mwalimu, usikate popote. Anza lamini, ingia mpaka ndani, ufungue mifereji." Nikafanya hivyo. Dakika kumi na tisa, pumzi yangu inasikika, mbwa wa jirani akibweka, nikiruka dimbwi pale kwenye mita 400. Nilifungua mfereji wa jikoni ukakohoa kwanza ndipo ukatoa maji, nikatamani kufuta nianze upya. Nilituma hivyo hivyo.

Wiki mbili baadaye alimtuma kaka yake kutoka Njoro. Tulimngojea getini, tukamwona akija kwa miguu kwenye ule udongo, simu mkononi, viatu vimelowa. Baba watoto alikuwa ameshaandaa maneno ya kuitetea barabara. Yule kijana akatusalimia, akakataa kiti, akaomba kwanza aonyeshwe chumba chenye ufa. Akautazama, akaweka kalamu yake mwenyewe kando, akautumia dada yake picha. Ndipo akaketi, akapokea chai.

"Mliandika dakika kumi na nne," akasema, akigeuza simu tuone. "Mimi zimenichukua kumi na mbili."