Kwa anayepangiwa kituo chenye vita

Barua ya uteuzi wa kwenda kufanya kazi ubalozini ikifika, ndugu watakuuliza kama huogopi risasi. Mimi nakuuliza jingine: sheria inamlinda kiasi gani dereva atakayekuendesha?

Mkataba wa Vienna wa 1961, unaohusu uhusiano wa kidiplomasia, unakulinda wewe mwanadiplomasia. Kifungu cha 29 kinakataza usikamatwe, na cha 44 kinaitaka nchi mwenyeji ikuwezeshe kuondoka hata vita vikizuka. Lakini soma pia cha 38. Mtumishi aliye raia wa nchi hiyo hana kinga ila ile ambayo serikali yake itakubali kumpa, na kwenye kizuizi cha wanamgambo serikali yenyewe haipo. Na watumishi hao wenyeji ndio wanaoona dalili kabla yako. Asubuhi moja dereva wangu aligeuza gari kwa sababu tu wachuuzi hawakuwa mahali pao. Sikumhoji. Baadaye tukasikia barabara ile inapigwa makombora.

Kwa hiyo, kabla hujaulizia gari lisilopenya risasi, uliza mpango wa kuhama unasema nini juu yao. Mpango huo usiposema kitu, dai uandikwe upya mapema: mishahara italipwaje ofisi ikifungwa, barua za kuthibitisha ajira zitatolewa lini, majina yao yatatunzwa wapi. Orodha hiyo ikianguka mikononi mwa wabaya, watu watasakwa nyumba kwa nyumba.

Khartoum, Aprili 2023, mapigano yalipoanza, ofisi kadhaa za ubalozi zilihamisha watu wake haraka. Pasipoti za Wasudani walioomba viza zikabaki zimefungiwa ndani, na nyingine ziliharibiwa pamoja na nyaraka. Wenyewe wakakwama vitani. Mpaka leo sikubali pasipoti ya mtu ilale ofisini hata siku moja bila sababu.

Kuhusu taarifa unazotuma makao makuu: tenga ulichoona na ulichoambiwa, na usishangilie saini. Mapatano ya Burundi yalitiwa saini Arusha Agosti 2000, Mandela akiwa amepokea kazi ya usuluhishi ya Nyerere, lakini waasi wa CNDD-FDD na FNL hawakuwemo na bunduki hazikunyamaza. Ukitaka kujua kama mapatano yanashika, muulize mlinzi wa zamu ya usiku amesikia nini.

Na ikifika siku ya kuondoka, usiwaambie watumishi wenyeji "tutarudi" kama hukuagizwa. Waambie nani kabaki na funguo, mshahara wa mwisho unaingia lini, na namba ipi ya simu itapokelewa.