Kabla Hujakata Waya wa Kwanza: Kuivisha Mashine Kongwe ya Plastiki Ubongo Mpya

Mashine ya kwanza ya injeksheni, yaani ile inayoyeyusha plastiki na kuisukuma ndani ya moldi (kalibu), niliyoibadilishia mfumo wa udhibiti niliivunja skrubu, ile parafujo kubwa inayosukuma plastiki ndani ya pipa la moto, siku ya pili tu. Kabati la umeme lilikuwa limepangwa vizuri mpaka nikalipiga picha, na skrini mpya ilikuwa ikionyesha digrii 200. Tulikuwa tunapiga polipropilini, ambayo huyeyuka kwenye digrii 160 na ushee. Skrubu ikagoma kuzunguka. Badala ya kujiuliza kwa nini, nikaiongezea presha. Tukasikia mlio mmoja, basi.

Kisa kilikuwa thamokapo, zile nyaya za kupimia joto. Zile za kwenye pipa zilikuwa aina ya J, na kidhibiti kipya kilikuja kimepangwa kusoma aina ya K. Kwa joto lilelile, J hutoa milivolti nyingi kuliko K, kwa hiyo kidhibiti kiliamini pipa limeiva wakati lilikuwa kwenye digrii 157 hivi. Kinyume chake ni kibaya zaidi: thamokapo za K zikisomwa kama J, skrini itasema 200 huku pipa likikaribia 260. Kama ndani mna plastiki ya PVC, hapo unatengeneza gesi ya haidrojeni kloridi, inayokula chuma na vifua vya watu.

Angalia na rangi za waya. Katika utaratibu wa Marekani, waya mwekundu wa thamokapo ni hasi, na fundi umeme aliyezoea nyekundu kuwa chanya ataugeuza bila kusita. Siku hizi nawasha hita ya eneo moja moja, nasubiri, nahakikisha namba inayopanda kwenye skrini ni ya eneo hilohilo, kisha nalinganisha na kipimajoto cha mkononi. Kazi hiyo inachukua asubuhi nzima, na sijawahi kujuta kuipoteza.

Wengi wanaoniomba ushauri huanza kwa kuuliza PLC ipi, yaani kompyuta ndogo ya kuendesha mashine, na skrini ya inchi ngapi. Hilo ndilo jambo jepesi kuliko yote. Shida hukaa mpakani, pale kipya kinaposhikana na cha zamani.

Lakini kwanza, je, mashine yenyewe inastahili? Kama nguzo zina nyufa, bushi za mikono ya kufungia moldi zimelegea na pampu inalia, kompyuta haitaziponya. Itakuonyesha ubovu huo kwa namba nzuri zaidi. Jaribio langu la haraka ni kuangalia plastiki inayobaki mbele ya skrubu baada ya kila pigo. Kiasi hicho kikiyumba ovyo, au skrubu ikizidi kutambaa mbele wakati wa kushikilia presha, yaani moldi ikishajaa na plastiki bado inabanwa, mara nyingi pete ya kuzuia plastiki kurudi nyuma imekwisha. Tengeneza hiyo kwanza, la sivyo utalaumu programu yako kwa wiki tatu.

Kisha kaa na mashine ikiwa bado inafanya kazi. Nasisitiza: ikiwa inafanya kazi. Andika kila hatua ya mzunguko, inachukua sekunde ngapi, presha inafika wapi, na solenoidi zipi, yaani koili za umeme zinazosogeza valvu za mafuta, zinawaka wakati huo. Jedwali la solenoidi ndilo roho ya kazi nzima. Mchoro wa haidroliki uliomo kwenye kitabu cha mashine ni mwanzo mzuri, ila mashine ya miaka thelathini imepitia mikono mingi, na nimeshakuta valvu mbili zimebadilishana nafasi bila mtu kuandika popote. Opareta wa siku nyingi anajua mambo hayo. Mwulize kwa heshima na umpe muda, maana ujuzi wake haumo kwenye mchoro.

Valvu za proposheni, zile zinazofunguka kidogo au sana kulingana na amri, ndizo zinazowachanganya wengi. PLC inatoa volti 0 hadi 10. Koili ya valvu inataka mkondo, mara nyingi mamia ya miliampea, kwa hiyo katikati lazima kuwe na kadi ya amplifaya inayoifaa valvu hiyo. Usidhani pia kwamba asilimia 50 ya amri ni nusu ya presha. Funga geji, panda hatua kwa hatua, andika kila jibu, halafu uingize mkunjo huo wa amri na presha kwenye programu. Usipofanya hivyo, mipangilio yote ya zamani ya moldi zako inageuka karatasi tu.

Kuna suala la kasi ambalo wauzaji hawalitaji. Skrubu ikisukuma kwa milimita 100 kwa sekunde, na PLC ikasoma sensa ya mahali kila milisekunde 10, skrubu inaweza kuteleza milimita 1 nzima kabla PLC haijajua kwamba ni wakati wa kuhamia presha ya kushikilia. Kwa skrubu ya kipenyo cha milimita 40, hiyo ni zaidi ya sentimita 1 ya ujazo ya plastiki. Kwenye ndoo hutaona tofauti. Kwenye kifuniko kidogo utapata utando wa plastiki iliyovuja pembeni leo na kipande pungufu kesho, na hakuna atakayekueleza kwa nini. Chukua kidhibiti kilichotengenezwa kwa mashine za injeksheni, au PLC yenye ingizo la kasi lisilongoja foleni ya programu.

Kwa hita, rilei zisizo na mguso, yaani swichi za kielektroniki, ni nzuri, zinakubali kuwashwa na kuzimwa mara nyingi bila kuungua ncha. Ubaya wake ni kwamba zikifa, mara nyingi hufa zikiwa zimewaka. Bakiza kontakta kuu, swichi kubwa ya sumaku, mbele yake, inayokata umeme wote joto likivuka kikomo.

Mlango wa usalama sijadili na mtu. Mashine nyingi za zamani zina ulinzi wa aina tatu: swichi za umeme, valvu inayozuia mafuta, na nondo ya chuma inayoangukia njiani ili moldi isifunge. Zote zibaki, na zote zipimwe moja baada ya nyingine. Kitufe cha dharura na swichi za mlango zipite kwenye rilei ya usalama yenye njia mbili. PLC iarifiwe tu, isiwe ndiyo inayoamua. Niliwahi kuitwa kwenye karakana moja ambako mlango ulikuwa umeunganishwa kwenye ingizo moja la kawaida la PLC, na kwenye programu mtu alikuwa ameliruka "kwa majaribio". Nilizima mashine kabla ya kusalimia.

Mwisho, kabati la zamani usilitupe. Funga karatasi ya namba kwenye kila waya, pande zote mbili, ulihifadhi mpaka moldi zote zimepita kwenye mfumo mpya. Mimi bado ninalo la ile mashine ya kwanza. Kadi yake ya joto ina maandishi ya kalamu, yamefifia ila yanasomeka: "J".