Siku nzima ya John Wayne sebuleni kwako Arusha

Ukitaka kumuenzi nguli wa filamu kwa siku moja, chagua filamu 4 na uache nyingine zote. John Wayne, mwigizaji wa Marekani wa filamu za kauboi, peke yake ameacha zaidi ya 150, na kila mgeni atakuja na ya kwake anayoidai. Kataa. Filamu 4 ni karibu saa 8 za kutazama, ukiweka na mapumziko siku imekwisha. Ya tano hutazamwa na mwenye nyumba peke yake, wengine wamelala kwenye makochi.

Kwa watu wa Arusha huyu ndiye stelingi wa kuanza naye, kwa sababu alifika hapa. Filamu yake ya Hatari!, iliyoongozwa na Howard Hawks na kutoka mwaka 1962, ilipigwa Momella na maeneo ya jirani. Mwigizaji mwenzake, Hardy Krüger, alipapenda mpaka akanunua shamba hukohuko na kuishi miaka kadhaa. Karibu na mwisho wa picha, tembo wadogo wanakatiza mitaa ya mjini kwetu. Kama kuna mzee aliyekulia Arusha, mwalike na umkalishe karibu na mwenye rimoti, maana hapo atataka picha isimamishwe aeleze duka gani lilikuwa wapi. Msimamishie. Dakika hizo ndizo watu watakazozikumbuka.

Hata hivyo usianze na Hatari!. Ukiitanguliza, filamu za kauboi zinazofuata zitaonekana za mbali. Anza saa 4 kamili asubuhi na Stagecoach ya 1939, dakika 96, kazi ya mwongozaji John Ford iliyomfanya Wayne kuwa stelingi. Ni nyeusi na nyeupe, kwa hiyo inataka macho ambayo hayajachoka. Waambie wageni wafike saa 3 na nusu, kwa sababu Wayne anaingia ndani ya dakika 20 za mwanzo: amesimama njiani na bunduki, kamera inamkimbilia usoni, na kwa nukta moja sura inafifia kabla ya kutulia. Aliyechelewa amekosa mwanzo wa kila kitu.

Saa 6 mchana weka The Searchers (1956, dakika 119). Inafunguka kwa mlango unaotoka gizani kwenda kwenye jua la jangwani, na inafungwa kwa mlango pia. Hapo ndipo pazia jepesi linapokuumbua. Kanga mbili juu ya dirisha hazitoshi kwa jua la saa 6, tundika blanketi zito. Ikiisha tenga dakika 15 za mazungumzo kabla ya chakula. Wayne hapa anaigiza mtu aliyejaa chuki kwa Wahindi Wekundu, na kijana anayeitazama kwa mara ya kwanza atauliza kama filamu yenyewe inaikubali chuki hiyo. Ni swali zuri, lijadiliwe kwa uzito.

Hatari! ianze saa 9 alasiri. Ndio muda wa usingizi wa baada ya kula, na filamu inafungua moja kwa moja na kifaru anayefukuzwa na magari. Halafu ni ndefu, dakika 157, lakini imejengwa kwa vipande vipande vya mawindo, hivyo mtu akitoka kwenda kuangalia jiko hapotezi kitu.

Malizia saa 12 na robo jioni na The Shootist (1976, dakika 100), filamu yake ya mwisho. Anaigiza mpiga bastola anayekufa kwa saratani, na Wayne mwenyewe alikuwa ameshatolewa pafu mwaka 1964 kwa ugonjwa huohuo. Alifariki 11 Juni 1979. Mwanzo wa The Shootist unatumia vipande vya filamu za Wayne za zamani, ndiyo maana haifai kutangulia.

Kuhusu tarehe, alizaliwa 26 Mei 1907, lakini mwishoni mwa Mei masika huenda bado hayajaisha. Jumamosi iliyo karibu na 11 Juni ni salama zaidi. Arusha inakuwa baridi, kwa hiyo kaeni ndani na kila mtu aje na shuka au blanketi lake.

Sasa umeme, ambao ndio huharibu siku nyingi za namna hii. Runinga ya LED ya inchi 43 hula kama wati 80, kompyuta mpakato 60, jumla 140. Betri ya asidi ya volti 12 na Ah (ampea-saa) 100 ina wati-saa 1,200, ila usivuke nusu yake kama unataka idumu. Ukitoa na kinachopotea kwenye inveta, unabaki na kama 500, yaani saa 3 na nusu. Projekta ya wati 250 pamoja na kompyuta na spika inafika 350, na betri ileile inaishia njiani kabla ya saa 1 na nusu. Kwa watu wasiozidi 12, chukua runinga.

Pakua filamu usiku kabla, usitegemee bando siku yenyewe. Kama unanunua DVD, hufungwa kwa kanda za dunia: za Marekani ni kanda ya 1 na Tanzania iko kanda ya 5, kwa hiyo ijaribu kwenye deki yako mapema. DVD za Ulaya zinakwenda kasi kidogo, Hatari! inashuka hadi dakika 151 hivi. Ndiyo maana maandishi ya chini ya picha uliyopakua kando yanaanza sawa kisha yanazidi kuachana na sauti. Yakiwa yamepishana kiasi kilekile mwanzo hadi mwisho, rekebisha kwenye VLC, programu ya kuchezea filamu, kwa vitufe G na H. Yakizidi kuachana, tafuta faili jingine. Na usiivute Stagecoach ijaze kioo. Ile michirizi myeusi ya pembeni iache, ukiivuta nyuso zinakuwa pana.

Chakula cha mchana, mtori. Kwa watu 10 chukua nyama ya mifupa kilo 2 na ndizi mshare 30, uzimenye ndani ya maji zisiwe nyeusi. Pika nyama tangu alfajiri, ndizi zitiwe The Searchers ikiwa imefika nusu. Nyama choma iache. Mchomaji atakosa filamu nzima. Bisi robo kilo inatosha kila filamu, na chai ya tangawizi ikae kwenye chupa.

Jumapili, wenye nafasi wapande Momella, ambayo leo ina maziwa yake ndani ya Hifadhi ya Taifa Arusha. Vifaru wa kwenye filamu hamtawakuta, twiga na nyati wapo. Tokeni asubuhi, maana mchana mawingu hufunika Meru.