Filamu Iliyofeli Ilipotoka: Mambo Ninayoyauliza Kabla ya Kuihukumu

Kwa miaka mingi nimekuwa na daftari ambamo ninaandika kila filamu ninayoitazama, tarehe niliyoitazama, na mstari mmoja au miwili ya hukumu yangu. Hivi karibuni nilizipitia upya kurasa za mwanzo nikaona haya, kwa sababu baadhi ya filamu ambazo leo ningezitetea mbele ya mtu yeyote nilikuwa nimezipa alama za chini, na mbili au tatu niliziacha katikati. Kilichonifariji ni kwamba sikuwa peke yangu: filamu hizo zilipotoka kwa mara ya kwanza zilisutwa na wahakiki, au zilikosa watazamaji, au zilipatwa na yote mawili.

Baada ya kuyafuatilia mambo haya kwa muda nimefikia kuamini kwamba tunapoambiwa filamu fulani ilifeli, mara nyingi tunapewa habari za wiki iliyotoka, za mkasi uliopita juu yake, na za bango lililoitangulia, huku habari za filamu yenyewe zikiwa chache mno. Ndiyo maana siku hizi nikitaka kutazama filamu ya zamani iliyodharauliwa huanza kwa kuuliza maswali machache, na la kwanza huwa ni hili: nakala niliyo nayo ni ipi?

Swali hili nilifundishwa na Blade Runner ya Ridley Scott. Niliikuta katika kanda ya zamani ya video, na nilichokikumbuka baadaye ni sauti ya Harrison Ford ikisimulia mambo ambayo macho yangu yalikuwa yamekwisha kuyaona, kwa uchovu wa mtu aliyelazimishwa kuisoma kwa sauti barua isiyomhusu. Sikujua wakati huo kwamba usimulizi ule na mwisho ule wa furaha vilipachikwa baada ya maonyesho ya majaribio kuwaacha watazamaji wakiwa wamechanganyikiwa, wala kwamba zile picha za milima na misitu zilizoifunga filamu zilikuwa mabaki ya picha zilizopigwa kwa ajili ya The Shining ya Stanley Kubrick. Mwaka 1992 ilitoka nakala isiyo na usimulizi, na mwaka 2007 ikatoka ile ambayo mwongozaji mwenyewe aliisimamia hadi mwisho. Nilipoitazama hiyo ya 2007 nilihisi kama ninaitazama filamu nyingine: ukimya uliokuwa umejazwa maneno ulirudi mahali pake, na lile jiji la mvua na moshi likaanza kujieleza lenyewe.

Kwa hiyo, kabla hujaanza kutazama, tafuta urefu wa filamu kwa dakika kama ulivyoandikwa katika kumbukumbu zake, kisha uulinganishe na nakala uliyo nayo mkononi. Tofauti ya dakika kumi au ishirini ni dalili kwamba kuna kisa. Hapa niweke tahadhari moja iliyowahi kunipotosha: katika mfumo wa televisheni wa PAL filamu huendeshwa kwa picha 25 kwa sekunde badala ya 24, hivyo filamu ya saa mbili hupungua karibu dakika tano bila kukatwa hata kipande kimoja. Niliwahi kumlaumu muuza kanda kwa dakika tano ambazo hakuna aliyeziiba.

Visa vya mkasi ni vingi, lakini viwili hunirudia kila mara. Cha kwanza ni cha mwongozaji Orson Welles na filamu yake Touch of Evil ya mwaka 1958. Studio iliihariri upya, ikapiga matukio mengine bila yeye, na ilipotoka ikawekwa kama filamu ya pili katika maonyesho ya filamu mbili kwa tiketi moja. Welles alipoitazama nakala ya studio aliandika waraka wa kurasa 58 akieleza, tukio kwa tukio, nini kibadilishwe. Waraka huo ulipuuzwa kwa sehemu kubwa hadi mwaka 1998, wakati mhariri Walter Murch alipoufuata na kuipanga filamu upya, miaka 13 baada ya Welles kufariki.

Kisa cha pili ni cha mwongozaji wa Kifaransa Jean Renoir. Filamu yake La Règle du jeu ilizomewa jijini Paris mnamo Julai 1939, naye kwa kuhangaika kuiokoa akawa anaikata yeye mwenyewe; kufikia Oktoba mwaka huo huo serikali ya Ufaransa iliipiga marufuku, na mwaka 1942 negativu yake ya awali, yaani ukanda wa msingi ambao nakala huchapwa kutokana nao, iliteketea katika shambulio la mabomu. Mwishoni mwa miaka ya 1950 iliunganishwa tena kutokana na vipande vilivyosalia, ikaonyeshwa katika tamasha la filamu la Venice mwaka 1959 ikiwa karibu kamili. Hebu fikiria mtu aliyeitazama katika wiki zile za 1939 na mwingine aliyeitazama baada ya 1959, kisha wakutane kubishana kuhusu filamu moja ambayo kwa kweli ni mbili.

Swali langu la pili ni tarehe. Blade Runner ilitoka Juni 25, 1982, wiki mbili tu baada ya E.T. ya Steven Spielberg, na siku hiyo hiyo ikatoka The Thing ya John Carpenter. Watazamaji waliokuwa wametoka kulia kwa ajili ya kiumbe mpole kutoka angani, waliotaka kumkumbatia na kumrudisha kwao salama, waliombwa sasa walipe tiketi nyingine wakamwone kiumbe anayejigeuza kuwa rafiki yako na kukumaliza, katika kambi iliyozungukwa na barafu, na hadithi inayoisha bila kukuambia nani bado ni binadamu. Haikuwezekana. Wahakiki waliiona filamu ya Carpenter kuwa ya kuchefua, na hata muziki alioutunga Ennio Morricone, ambao leo siwezi kuusikia bila kuhisi baridi mgongoni, uliteuliwa kuwania tuzo za dhihaka za Razzie kama muziki mbaya zaidi wa mwaka. Ushauri wangu ni huu: ukikuta filamu iliyofeli, angalia ni nini kingine kilichokuwa katika majumba ya sinema mwezi huo. Mara nyingi utagundua kwamba watu walikwenda kutafuta kitu kingine, wakaikasirikia ile filamu kwa kuwa haikuwa kile walichokitaka.

Kuna pia sababu ndogo zaidi, karibu za kuchekesha. The Shawshank Redemption ya mwaka 1994 iligharimu takriban dola milioni 25 na katika awamu yake ya kwanza iliingiza takriban milioni 16, na waigizaji wake wamewahi kusema kwamba watu hawakuweza hata kulikumbuka jina lake. Iliteuliwa kuwania tuzo saba za Oscar, haikupata hata moja, kisha ikapata watu wake kupitia kanda za kukodi na marudio ya televisheni. It's a Wonderful Life ya Frank Capra haikurudisha gharama zake ilipotoka mwishoni mwa 1946. Kilichoiokoa ni uzembe wa makaratasi, kwani mwaka 1974 hakimiliki yake haikuhuishwa, vituo vya televisheni vya Marekani vikaona vinaweza kuionyesha bure, vikaionyesha kila Krismasi mpaka watu wakaipenda. Na Killer of Sheep ya Charles Burnett, filamu ya mwanafunzi iliyotengenezwa kwa chini ya dola 10,000 na kukamilika katika miaka ya 1970, ilikaa miongo mitatu bila kusambazwa ipasavyo kwa sababu haki za nyimbo zilizomo hazikuwa zimelipiwa. Ilifika kwenye majumba ya sinema mwaka 2007. Sababu zote hizi hazisemi lolote kuhusu ubora wa filamu.

Nikiwa mkweli, hata hivyo, lipo kundi ambalo kosa halikuwa la studio wala la kalenda, bali la mtazamaji, na hapo najihesabu. Vertigo ya Alfred Hitchcock ilipokewa kwa maoni mchanganyiko mwaka 1958, na lalamiko mojawapo lilikuwa kwamba siri inafichuliwa mapema, muda mrefu kabla filamu haijaisha. Mara ya kwanza nililalamika vivyo hivyo. Nilikuwa nimekaa kuitazama kama fumbo la upelelezi, na fumbo lilipofumbuliwa nikaona sina sababu ya kuendelea, nikaizima. Miaka kadhaa baadaye niliirudia nikiwa naijua siri tangu mwanzo, ndipo nikaelewa kwa nini Hitchcock aliitoa mapema: tangu dakika ile mtazamaji anajua jambo ambalo mhusika anayeigizwa na James Stewart halijui, na kila anapomchagulia mwanamke anayefanana na marehemu mpenzi wake nguo na rangi ya nywele, unaona mtu anayeupenda mzimu huku akimtesa aliye hai mbele yake. Filamu hiyo haikuonyeshwa hadharani tangu mwaka 1973 hadi iliporudi mwaka 1983, kisha mwaka 2012 ikachukua nafasi ya kwanza katika kura ya wahakiki ya jarida la Sight and Sound, nafasi iliyokuwa imeshikwa na Citizen Kane tangu 1962. Tangu hapo nimejiwekea sharti kwamba filamu iliyonishinda lazima nipewe nafasi ya pili ya kuishinda, na nafasi hiyo isiwe mwezi ule ule.

Ukitaka kuzitafuta mwenyewe bila kutegemea orodha za watu, njia ninayoipendelea ni kuchukua orodha ya kazi za mwongozaji na kuangalia mahali inapokatika ghafla. Charles Laughton aliongoza filamu moja tu, The Night of the Hunter ya mwaka 1955, na baada ya kupokewa vibaya hakuongoza nyingine hadi alipofariki mwaka 1962. Guru Dutt alitengeneza Kaagaz Ke Phool mwaka 1959, filamu ya kwanza ya India kupigwa kwa CinemaScope (mfumo wa picha pana), yenye hadithi ya mwongozaji anayeporomoka. Ilianguka sokoni, na hakuweka tena jina lake kama mwongozaji hadi kifo chake mwaka 1964. Michael Powell, aliyekuwa miongoni mwa waongozaji wakubwa wa Uingereza, alishambuliwa vikali na wahakiki mwaka 1960 kwa Peeping Tom na hakurudi tena katika hadhi yake. Panapokatika namna hiyo, tazama filamu ya mwisho kabla ya ukimya.

Lakini usiingie katika kosa nililolifanya baada ya kuugundua mchezo huu. Kwa karibu mwaka mzima nilitafuta filamu zilizofeli kana kwamba kufeli kwenyewe ni sifa, na nilipoteza jioni nyingi kwa filamu ambazo watu walizikataa kwa haki kabisa. Mfano unaonisumbua hadi leo ni Heaven's Gate ya Michael Cimino. Iligharimu takriban dola milioni 44, iliondolewa baada ya wiki moja tu ya kuonyeshwa mnamo Novemba 1980, ikakatwa, na mwaka 2012 nakala yake ndefu iliyosafishwa ikashangiliwa Venice. Nimeitazama mara mbili. Nakubali uzuri wa vumbi lile, ule mwanga, na lile tukio la watu kucheza ngoma wakiwa wamevaa viatu vya magurudumu, lakini hadithi bado naiona inachechemea, na sioni sababu ya kujifanya nimeguswa kwa kuwa tu wahakiki wa zamani walikuwa wakali.

Jambo la mwisho linahusu kuwaonyesha wengine. Niliwahi kuwakalisha ndugu zangu watazame The Night of the Hunter, na kabla ya kuiwasha nikawahutubia karibu nusu saa kuhusu Laughton, kuhusu ile dhuluma ya 1955, na kuhusu mwigizaji wake Robert Mitchum na maneno aliyoyachora kwenye vidole. Mdogo wangu alilala kabla watoto hawajaingia kwenye mtumbwi. Mwaka uliofuata niliiwasha bila kusema neno, siku ambayo hakuna aliyekuwa amepanga kutazama chochote, na hakuna aliyenyanyuka mpaka mwisho. Sasa maelezo yote, pamoja na uhakiki wa zamani, huyaacha hadi filamu imekwisha. Mdogo wangu, kwa taarifa yake, bado anasema ile ya mwaka uliotangulia ilikuwa filamu tofauti.