Mkataba unasema ushuru sifuri, mbona mteja wangu wa Hamburg analipishwa?

SWALI: Habari za kazi kaka. Nina duka la nguo hapa Leicester, vikoi natoa Mombasa, vitenge natoa Dar, na nina mafundi wawili wananishonea magauni hapahapa. Kabla ya Brexit, yaani Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya, nilikuwa natuma Hamburg kama natuma Birmingham tu. Sasa hivi mteja wangu mwenye duka kule kila mzigo ukifika anadaiwa ushuru, wa mwisho kaukataa ukanirudia. Si walisema Uingereza na Ulaya ushuru sifuri? Na je nipunguze fundi mmoja?

JIBU: Salama dada, pole sana na huo mzigo. Ulichoambiwa ni kweli ila hukumaliziwa. Mkataba wa biashara kati ya Uingereza na Umoja wa Ulaya ulioanza kutumika 1 Januari 2021 umefuta ushuru kwa bidhaa zenye uasili wa Uingereza au wa Umoja wa Ulaya, basi. Forodha ya Hamburg haijali mzigo umetumwa kutoka mji gani, inauliza kitu kimetengenezwa wapi. Kikoi kimefumwa Kenya, kikipita Leicester kinabaki cha Kenya, kwa hiyo kinapigwa ushuru wa kawaida wa Ulaya, ambao kwa nguo nyingi ni 12%. Zamani hukuliona hili kwa sababu Uingereza ilikuwa ndani ya forodha moja na wenzake, kikishaingia hapa kimeingia kote.

Najua utaniuliza, Kenya si ina mkataba wake na Ulaya? Inao, umeanza 1 Julai 2024, na Tanzania nayo bidhaa zake zinaingia Ulaya bila ushuru kwa vile iko kwenye kundi la nchi zenye maendeleo duni. Lakini nafuu hiyo ni ya mzigo unaotoka kule kwenda Ulaya, hata ukipitia nchi nyingine ubaki mikononi mwa forodha bila kuguswa. Ukishautoa forodhani hapa Uingereza ukaupanga dukani, nafuu imekatika.

Sasa magauni, hapa ndo watu wengi wanaumia. Unaona fundi kakata kitambaa Leicester, kashona Leicester, unasema hili gauni la Uingereza. Kwa mkataba huu bado. Kwa nguo za kushonwa wanataka kitambaa kifumwe na nguo ishonwe ndani ya Uingereza au Ulaya, au kitambaa kichapishwe huku ndo kikatwe na kushonwa. Kushona peke yake hakutoshi. Na kingine, angalia pindo la hivyo vitenge vya Dar, kama vimetengenezwa Uchina basi kununuliwa Kariakoo hakuvigeuzi kuwa vya Tanzania, hata kuingia hapa Uingereza havistahili nafuu ya Tanzania.

Tupige hesabu. Mzigo wa magauni wa euro 1,000, usafiri euro 50, forodha wanahesabu 1,050. Ushuru 12% ni 126. Halafu VAT ya Ujerumani 19% inapigwa juu ya jumla yote 1,176, inakuja 223.44. Mteja wako anatoa euro 349.44 kabla ya ada ya kampuni ya usafirishaji. Kama duka lake limesajiliwa VAT ile 223.44 atarudishiwa, ila 126 imekwenda moja kwa moja, na hiyo ndo inaweza kukula faida yako yote.

Mimi ningefanya hivi. Vikoi vya Hamburg usivilete Leicester kabisa, mwambie muuzaji wako Mombasa agawe mzigo kulekule, chako kije kwako, cha Mjerumani kiende kwake moja kwa moja na karatasi za uasili, hapo mteja atalipa VAT tu. Kuna njia ya kuweka mzigo kwenye ghala la forodha hapa Uingereza bila kuutoa forodhani, ila kwa biashara ya saizi yako gharama zake sioni kama zitakulipa. Kwa magauni ya Ulaya tafuta kitambaa chenye uasili wa Ulaya au wa Uingereza, mwenye kukuuzia akupe tamko la maandishi ulitunze, mafundi wako washone, hapo gauni linahesabika na wewe unaandika tamko la uasili kwenye invoisi ukitumia namba yako ya EORI, ile ya usajili wa forodha. Usikubali mtu akushauri uandike tamko hilo kwenye vitenge vya Dar au vya Uchina, forodha wanakagua baadaye na anayefuatwa kulipa ni mteja wako. Vitenge vyenye uasili wa Tanzania kweli washonee wateja wa Uingereza, huku vinaingia bila ushuru.

Huo mzigo uliorudi usiulipie ushuru wa Uingereza kama mpya, omba nafuu ya bidhaa zilizorejeshwa, mwisho miaka 3 tangu zitoke, na ziwe hazijabadilishwa. Pia tangu 13 Desemba 2024 Ulaya wanataka awepo mtu au kampuni ndani ya Ulaya inayowajibika kwa usalama wa bidhaa, kaa na mteja wako muelewane kama atasimama yeye.

Fundi usimpunguze kwa sababu ya hili. Uhuru wa watu wa Ulaya kuja kufanya kazi huku uliisha mwisho wa 2020, aliyekuwepo kabla akapata hadhi ya makazi yuko sawa, lakini ukitaka kuleta mpya leo kutoka Ureno au Poland unahitaji leseni ya udhamini, yaani kibali cha serikali cha kumdhamini mfanyakazi wa nje, na tangu Julai 2025 viza ya kazi za ujuzi kwa kawaida inataka kazi ya kiwango cha shahada, na ushonaji haufiki hapo. Maana yake ukimwachia huyu uliyenaye, kumpata mwingine mwenye mkono kama wake itakuwa kazi kubwa kuliko hizo euro 126. Watafiti wa chuo cha LSE walikadiria zaidi ya kampuni 16,000 za Uingereza ziliacha kabisa kuuza Ulaya, nyingi ndogo kama yako, na inaniuma maana biashara kama yako inaweza kubaki. Anza na invoisi za miezi sita za huyo mteja, tenga vikoi na magauni, uone ushuru mwingi unatokea wapi kabla hujaagiza mzigo mwingine.